Pua ya Kuazima

Nimewahi kuwa na pua mbili, na kuna mwaka nilitafuta ya tatu. Ya kwanza nilizaliwa nayo. Ya pili nilitengenezewa na daktari mmoja Mzungu katikati ya mji wa Lubumbashi, nikiwa na akili zangu timamu, na ndiyo ninayopumulia mpaka leo, upande mmoja. Ya tatu sikuipata, na kosa halikuwa la daktari.

Pua ya kwanza ilikuwa ya baba yangu, na kabla yake ya babu. Ilikuwa pana, imetulia usoni, matundu wazi. Mama alipojifungua, wanawake waliomsaidia walicheka waliponiona, na baba akanipa jina la baba yake papo hapo, bila kuwangoja wajomba. Kwetu, mtoto aliyebeba jina la babu huitwa Papa, yaani baba, na mzazi wake mwenyewe. Basi mtu yule mzima, mfanyakazi wa tanuru la shaba, mikono imejaa makovu ya moto, aliniita Papa tangu nikiwa mgongoni kwa mama. "Papa, umekula?" "Papa, nani amekupiga?" Watoto wengine kambini walikuwa na baba. Mimi nilikuwa naye, na papo hapo nilikuwa baba yake.

Tulikuwa pia na mtani. Aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu katika kambi ya wafanyakazi, naye ni wa ukoo unaotaniana na ukoo wetu tangu zamani. Watu wa huku humwita munungwe. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, kuingia jikoni akafunua sufuria yako, kulia kwa uongo kwenye msiba wako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Huyu alijichagulia pua zetu.

"Angalieni hii nyumba," alikuwa akisema akisimama mlangoni. "Bwana anavuta pumuzi, bibi na batoto banabaki bila hewa!"

Nikirudi kutoka shuleni aliniona kwa mbali: "Pua imefika! Mwenye pua iko wapi? Angali njiani?"

Baba alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamjibu: "Weye na ile masikio yako, siku upepo itapiga, utarudia kwenu bila tikiti."

Mimi sikucheka. Nilisoma sekondari kwa mapadri, nikafika mwisho, na nadhani ni huko nilikojifunza kusikia maneno bila kumsikia anayeyasema. Neno lililokuwa mchezo kwa baba lilinifika likiwa hukumu. Nilianza kulala na kibanio cha nguo puani. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na hakuna aliyenituma.

Baada ya shule nilipata kazi katika ofisi za kampuni ya shaba, iliyokuwa imegeuzwa mali ya serikali. Ilikuwa miaka ambayo viti vya Wazungu vilianza kuachwa wazi, na kijana mwenye Kifaransa safi aliweza kupanda upesi. Kazi yangu ilikuwa kupokea wageni. Niliwavisha kofia za kiwandani, nikawatembeza, nikawaeleza jinsi jiwe la kijani linavyotoka upande wa pili likiwa shaba. Gazeti la kampuni lilituma mpiga picha mara kwa mara. Picha ya kwanza ilipotoka, nilionekana mkono tu, umeshika kofia ya mgeni. Ya pili nilionekana bega. Huenda mpiga picha alihitaji nafasi ya kuweka maandishi. Mimi niliamua kuwa ni pua.

Nataka nieleze vizuri upumbavu wa jambo hili, maana vijana wa leo hawawezi kuuona wenyewe. Ilikuwa miaka ile tulipoacha majina ya ubatizo na tai. Asubuhi, kabla ya kazi, tulikusanyika uani, tukaimba na kucheza kwa ajili ya Chama na Kiongozi, tukaapa kurudi katika asili yetu ya Kiafrika. Nilivaa abakosti, lile koti la miaka ile lisilovaliwa na tai, imepigwa pasi vizuri, na nilipiga kelele kuliko wenzangu. Mchana wa siku hiyo hiyo nilikwenda kumwomba Mzungu anipe pua ya Mzungu. Hakuna aliyenilazimisha kwa hili wala kwa lile. Yote mawili niliyafanya kwa bidii.

Daktari yule hakuniuliza mengi. Alisema amewahi kuwafanyia hivyo mabibi wa Kizungu, na kwamba pua ni pua. Nyumbani nilisema ninatibiwa mafua yasiyopona. Mke wangu, ambaye nilikuwa sijamaliza naye mwaka, aliniletea supu kliniki, akakaa pembeni ya kitanda akanionea huruma. Niliipokea huruma yake bila aibu.

Bandeji zilipotoka, niliona kitu chembamba katikati ya uso mpana. Ncha ilikuwa imenyanyuka na kuelekea kushoto, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Tundu la kulia lilikuwa limebanwa; nikipumua kwa haraka lilipiga mluzi. Sauti yangu nayo ilibadilika, na Kifaransa changu safi sasa kilitoka kana kwamba nina mafua, mafua yale yale niliyowadanganyia watu. Daktari alisema uvimbe utapungua. Uvimbe ulipungua, na pua ikabaki vile vile.

Wiki ile nilizikusanya picha zangu zote za zamani, nikazichana, ili asiwepo mtu wa kulinganisha. Ile ya harusi mke wangu alikataa kuitoa, basi nikachukua wembe nikaukata uso wangu pichani. Aliporudi kutoka sokoni akakuta suti inayomshika mkono, haina kichwa. Hakulia. Aliirudisha ukutani kama ilivyokuwa, na ikakaa pale miaka yote, mbele ya kila mgeni.

Nilitegemea mtani wetu angenichinja kwa maneno. Nilijiandaa kabisa. Nilipokwenda kambini mara ya kwanza, alikuwa amekaa na baba uani. Alinitazama, akasimama, akanipa mkono.

"Bonjour, monsieur," akasema.

Akakaa tena. Nilingoja. Hakusema zaidi. Nilipoondoka, nilimsikia akimwambia baba, kwa sauti ya mtu aliye hospitali: "Sasa minaweza kusema nini? Ile ni kidonda. Kidonda hatuichekake." Tangu siku hiyo alinisalimia kwa heshima, na hakuna heshima iliyowahi kuniuma hivyo. Alikuwa amenitoa katika utani, maana yake alikuwa amenitoa katika ukoo.

Na baba? Baba hakuuliza kitu. Alinikaribisha kiti. Kisha akasema, "Weye, umekula?"

Weye. Nilidhani ni bahati mbaya. Ziara iliyofuata ikawa weye tena, na iliyofuata. Hakuwa amekasirika, ila usoni pangu hakumwona tena yule aliyekuwa akimwita Papa. Mama alijaribu mara moja, "Si useme Papa?" na baba akamjibu kwamba ulimi umesahau.

Niliishi hivyo miaka mingi. Nilipanda cheo kidogo, kisha nikaacha kupanda. Picha yangu haikutoka hata siku moja katika gazeti la kampuni, safari hii kwa sababu nilimkwepa mpiga picha.

Halafu alikuja mjini daktari mwananchi, kijana wetu aliyesomea upasuaji wa uso Ulaya. Wachimbaji waliopasuliwa na mawe walikuwa wakitoka kwake wakiwa na taya zinazofunga. Nilikwenda. Alinikalisha chini ya taa, akaingiza kifaa puani, akashika ncha kwa vidole viwili.

"Mwananchi," akasema, "nani alikufanyia hivi?"

Nilimjibu kwamba ni mimi. Hakucheka. Alinieleza kwa Kifaransa, taratibu, kwamba pua iliyokwisha kukatwa ni ngumu kuliko pua mpya. Ngozi imeshikana na kovu, na ncha inaweza kukosa damu ikawa nyeusi ikafa. Akafafanua kwamba angeweza kuchukua gegedu kutoka nyuma ya sikio na kujenga upya, kufungua tundu, kupanua mabawa. "Lakini siwezi kubuni. Niletee picha ya zamani. Ya mbele na ya upande."

"Sina."

"Hata moja?"

"Nilizichana."

Alinitazama kama mtu anayemtazama aliyechoma nyumba yake akiwa ndani. "Ulifanana na nani? Una kaka?"

"Dada watupu."

"Baba yako yuko hai?"

Nikasema yuko hai.

"Basi mlete. Nitapima yake."

Niliikubali hatari ile palepale. Nilisema kwa mdomo wangu kwamba ncha ikifa, na ife. Lakini kumwendea baba kulinichukua majuma. Ningemwambia nini? Nimeitupa pua yako, naomba unikopeshe nyingine? Mke wangu ndiye aliyenimaliza. "Ulimuficha ulipoenda kuiharibu," akasema. "Unaogopa kumwambia ukienda kuitengeneza? Ni aina gani ya mwanaume?" Alikuwa akikunja nguo, hakuinua hata macho.

Nilimkuta baba uani akimenya karanga, bakuli la munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kando yake. Alikuwa amestaafu, amekonda, na kukonda kulikuwa kumeiacha pua peke yake usoni, kubwa kuliko nilivyoikumbuka. Mtani alikuwapo, kama kawaida. Nilimwomba baba tuzungumze ndani. Alisema miguu inauma, niseme hapo hapo. Nikasema.

Karanga moja ilipasuka mikononi mwa baba. Kisha mtani akaruka kitini.

"Nini? Mutoto anakuya kuazima pua?" Alipiga mapaja. "Ee mama yangu! Siye hapa kambi tuliazimaka sufuria, tuliazimaka kinu, hata bibi ya muntu alishaazimwaka, tunajua! Lakini pua! Weye muzee, muulize atarudisha lini! Na akirudisha, isikuwe na makamasi ndani!"

Nilisimama pale nikiwa na abakosti yangu ya ofisini, mtu mwenye watoto watatu, na machozi yakanitoka. Ilikuwa mara ya kwanza mtani kunitania tangu pua ile. Baba naye alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, bila sauti.

"Nyamaza, weye masikio," alimwambia mtani. Kisha akanigeukia. "Munganga hatakata kintu kwangu?"

"Hapana, Papa. Ataangalia tu. Atapima."

"Atapima," akarudia. Aliitazama karanga mkononi. "Nitavaa nini?"

Alivaa koti lake la misa. Niliomba gari na dereva ofisini, nikampeleka. Njiani nilimweleza kwamba ncha inaweza kufa, na kwamba ikifa, na ife; yeye alikaa amenyooka, mikono juu ya magoti. Kliniki tulipoingia, daktari alikuwa anaosha mikono, ametugeuzia mgongo, muuguzi anapanga vifaa. Alisema bila kugeuka, "Karibu, mzee, keti, nakuja kukupima."

Aliposikia neno hilo baba hakuketi. Alivua koti. Akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akalivua, akalikunja juu ya koti. Akasimama katikati ya chumba, kifua wazi, mikono imeshuka pembeni, visigino pamoja. Akafungua mdomo, akautanua kabisa, akaonyesha meno machache aliyobaki nayo.

Nilijua alikuwa wapi. Alipokuwa kijana, huko kwao upande wa Kasomeno, watu wa kutafuta wafanyakazi wa migodi waliwapanga wanaume mstari, wakawavua nguo, wakawapima kifua kwa kamba, wakawaweka kwenye mizani, wakawatazama meno. Waliofaa walipakiwa kwenye lori. Alikuwa ametusimulia mara nyingi. Lakini kusimuliwa na kuona ni mambo mawili. Muuguzi aliziba mdomo kwa kiganja. Daktari aligeuka, mikono inadondosha maji.

"Hapana, mzee," akasema kwa upole. "Ni pua tu."

Baba alifunga mdomo. Hakuonekana kuona haya. Alivaa shati, akaketi chini ya taa, akainua kidevu alipoambiwa, akageuka alipoambiwa. Daktari alimpima kwa kifaa cha miguu miwili kama cha hesabu, akabonyeza ncha, akachora kwenye karatasi. "Pua nzuri, mzee," akasema alipomaliza. "Ina nguvu. Imekaa sawasawa." Tukapangiwa siku.

Ndani ya gari, kurudi, baba alizungumza njia nzima. Alizungumza kuliko nilivyomsikia kwa miaka. Alirudia maneno ya daktari: ina nguvu, imekaa sawasawa. Akamweleza dereva. Tulipofika kambini alishuka kabla sijazunguka kumfungulia mlango, akaanza kumwita mtani kwa sauti. Niliwaacha wakibishana juu ya kodi ya pua.

Sikusikia furaha ile. Ilikuwa mbele yangu na sikuisikia. Mimi niliona kifua kile tu, na mdomo ule wazi, na kiganja cha muuguzi. Usiku na mchana niliona hivyo. Nilijiambia: nimemvua baba yangu nguo kwa ajili ya upuuzi wangu, nimemrudisha kwenye mstari. Nilijiambia kwamba mtoto mwenye heshima hawezi kuvaa usoni kitu kilichopatikana hivyo. Siku tatu kabla ya siku niliyopangiwa nilimpigia daktari simu nikaifuta miadi. Alisema ni sawa, mlango uko wazi.

Kwa miaka nimesimulia jambo hili kana kwamba lilikuwa ni huruma. Leo sina sababu ya kuendelea. Nusu ilikuwa huruma. Nusu nyingine ni kwamba daktari yule, mtu wa Kifaransa safi kama changu, alikuwa ameona natoka wapi, na mimi nisingeweza kulala mezani kwake tena nikiwa mtoto wa mtu aliyefungua mdomo. Ugonjwa ulionipeleka kwa yule Mzungu ndio ulionitoa kwa daktari wa pili. Sikuwahi kupona, nilikuwa nimebadilisha kliniki tu.

Nilikwenda kambini kumwambia baba. Alikuwa amelala kidogo mchana, akatoka akijifuta uso, akauliza kama tunakwenda leo. Alidhani nimemfuata, kwamba daktari atataka kumtazama tena kabla ya kazi. Koti la misa lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, limepigwa pasi.

"Hatuendi, Papa. Nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Ile kazi ya pua. Daktari amesema ni hatari. Ngozi inaweza kufa."

Baba aliketi. "Munganga alikuambiaka ile mambo tangu mwanzo. Weye mwenyewe ulinielezea ndani ya gari. Ulisema, ikufe, haizuru."

Jibu la kweli lilikuwa: nilikuona ukivua shati. Nilitafuta namna ya kulisema na sikuipata, maana kulisema kulikuwa sawa na kumwambia kwamba niliona aibu, na angeuliza aibu ya nini. Mtani alikuwa amesimama kando na ubishi wake tayari mdomoni. Aliutazama uso wa baba, akaumeza ubishi huo, akaondoka zake polepole.

"Siku ile balitupanga kule kwetu," baba akasema, "bengi balirudishwa. Bengi sana. Bandugu yangu babili balirudishwa, balilia. Miye balinipima, balinichukua." Aliishika pua yake kwa vidole viwili, kama daktari alivyoishika. "Huyu munganga naye amenipima, amesema iko muzuri, amenichukua. Ni weye njo umenirudisha."

Alisema bila hasira. Aliuliza kama nitakunywa munkoyo. Nikasema nina haraka, wageni wananingoja kiwandani. Hapakuwa na wageni siku hiyo.

Baba aliishi misimu miwili zaidi ya mvua. Daktari alikaa mjini karibu muda wote huo kabla ya kupata kazi kwingine, na kliniki yake ilikuwa njiani kwangu. Kila asubuhi nilipita mbele yake nikienda ofisini. Mlango, kama alivyosema, ulikuwa wazi.